Dalmas Aliponiacha Kwenye Mawe ya Lava

Rosettenville, Johannesburg

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na mvua imefika Taveta. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka, na sehemu ya uchafu huo umeileta wewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, unaniambia, "Msamehe Dalmas, umri unakwenda." Barua huwezi kuikatiza.

Dalmas, mchumba wangu, amekuambia nilipotea Hawaii kwa ukaidi wangu. Sikupotea.

Unajua kampuni yake ilimpeleka kule kwenye mkutano, nami nikaomba likizo tuwe pamoja. Mkutano ulipoisha, alitaka tutembee kwenye njia ya kale ya wenyeji, inayofuata ufuo. Mama, usifikirie mchanga na minazi. Ni lava tupu ya volkano, nyeusi, imeganda ikiwa na makali kama chupa zilizovunjwa, mpaka baharini. Mti hakuna. Jua linakuchoma utosini na joto linapanda kutoka chini kupitia soli. Watu wa zamani walitandika mawe laini ya baharini juu ya ukali huo, moja baada ya jingine, ili mtu aweze kupita. Ukikanyaga nje yake, unakatwa.

Tukafika penye ukuta mfupi wa mawe. Mama mmoja wa pale, aliyekuwa akibandua kome miambani, akatuambia kwa upole, "Tafadhali msivuke. Watu wetu wamelala humo."

Dalmas akacheka. Akapanda juu ya ukuta, akaninyooshea simu nimpige picha.

"Shuka," nikamwambia. "Ni makaburi."

"Makaburi ya nani? Unawajua?"

"Sikupigi picha, Dalmas. Shuka."

Alishuka. Akachukua mkoba wenye maji yetu yote, akasema, "Basi kaa na maiti wako." Nikadhani anatania. Akaenda, hakugeuka hata mara moja.

Nilimfuata nikimwita. Soli ya kiatu ikabanduka, nikaifunga kwa kitambaa cha kichwa. Nikajikwaa, nikaanguka nje ya njia, lava ikanichana mguu mpaka nikaona nyama nyeupe. Midomo ilikauka hata kuita nikashindwa. Yule mama wa kome ndiye aliyenikuta nimekaa chini nalia bila machozi. Akaninywesha maji yake, akanifunga jeraha, akanishika mkono mpaka barabarani. Hakuniuliza kitu ila jina langu.

Dalmas alikuwa ndani ya gari tulilokodi, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, anatafuna korosho. Akashusha kioo kidogo. Damu hakuitazama.

"Umejifunza?" akaniuliza. "Ukishaolewa, ukiambiwa neno utalifanya."

Mama, kuniacha juani ningeweza kusema ni hasira. Lakini alikuwa ametulia kabisa. Hapo ndipo nilipoachana naye, ingawa tulirudi Johannesburg tumekaa viti vya jirani kwenye ndege.

Juzi alikuja na maua, akapiga honi getini mpaka mtaa mzima ukachungulia. Mama Neema, jirani yangu Mkongo anayesuka nywele hapa chini, akatoka na kitana mkononi. "Eish, Wakio, huyu hapana bwana," akaniambia. "Usimfungulie." Na sikumfungulia.

Yule mama wa kome na Mama Neema si ndugu zangu, na wamenisimamia. Wewe uliyenizaa umemwambia Dalmas alete wazee wake nyumbani Jumamosi kupanga mahari, bila kuniuliza! Ulimwuliza yeye alikuwa wapi nilipokuwa navuja damu? Uliniuliza mimi kama mguu umepona? Nimekukasirikia, na sitaki kukuficha.

Sitakuja. Pete nimemrudishia kupitia kwa mlinzi wa ofisini kwake.

Nisalimie kaka Mwadime wa kinu cha unga, na mwanawe mchanga ambaye sijampakata bado. Kaka asinipigie simu kunibembeleza. Shangazi Mghoi, kiongozi wetu wa kwaya, mwambie zile sare za harusi yangu alizokwisha kushonesha wazivae Krismasi, zisipotee bure.

Wazee wakifika, wape chai. Ni wageni wako, uliwaita mwenyewe. Mimi usiwape.

Binti yako anayekupenda, hata leo,
Wakio