Picha za Chumba cha Dada

Mdogo wangu mpenzi,

Unisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Kadi ya kumbukumbu uliyonitumia yenye picha ilifika salama, lakini kompyuta ilikataa kuitambua. Niliifuta kwa kitambaa, nikaizima kompyuta na kuiwasha tena, wapi! Mwishowe nilimwita fundi, nikamgombeza kwa kuniuzia kompyuta mbovu.

Aliitazama kadi, akacheka. "Mama, unaiingiza kinyume. Mshale huu huuoni?"

"Mshale gani?" nikamuuliza.

Akaacha kucheka.

Daktari amesema jicho la kulia haliponi, la kushoto linafifia, na nisiendelee kuishi peke yangu.

Fundi alizikuza picha mpaka dirisha la chumba ulichonijengea hapo kwako likajaa kioo kizima cha kompyuta. Chumba ni kizuri. Mwambie mkeo pazia limepinda, hilo nililiona.

Lakini hapa kila ngazi naijua kwa miguu, na sijazoea kushikwa mkono. Usinibembeleze, maana kwako sina ubavu wa kukataa. Nikishaamua kuja au kubaki, nitakuandikia mwenyewe, maadamu bado naiona mistari ya karatasi.

Dada yako akupendaye