Sekenke Nimeipanda, na Taa Haikuwaka

Jumamosi, Kiomboi. Upepo wa leo ni wa kung'oa mabati, jua nalo halina huruma, na midomo imenipasuka. Nimekaa sebuleni nacheka peke yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nimeshinda kweli.

Shajara, asubuhi nilipanda basi kwenda Shelui kuuza gari langu. Tena si kumuuzia mtu wa kuliendesha. Kuna mzee mmoja kule hununua magari yaliyokufa, anayachinja na kuuza vipuri, na nilikuwa nimeshampa neno langu. Gari lenyewe lilikuwa limelala uani kwa fundi Hamisi, kulekule Shelui, tangu siku ya mnada, siku liliponigomea mlimani Sekenke nikiwa na matenga ya kuku yamejaa hadi juu.

Bila gari hilo mimi si mfanyabiashara wa kuku. Ni mama fulani tu mwenye matenga.

Lilikuwa limeshaanza kusumbua mara mojamoja, lakini siku ile taa ya O/D, ile ya gia, kwenye dashibodi ilianza kuwakawaka, gari likang'ang'ania gia ya tatu. Kuondoka ni ya tatu, kupanda ni ya tatu. Injini inalia, gari linatambaa, malori yenye shehena yananipita huku madereva wakinipungia mkono. Nilirudi Shelui kinyumenyume sehemu ya kwanza, kwa sababu hata kugeuza niliogopa. Kila mtu pale stendi akatoa hukumu yake, na hukumu ilikuwa moja: gia boksi imekufa, na automatiki ikishakufa haina dawa, uza. Mimi sipendi kuambiwa. Ila mtu ukiambiwa na kila mdomo, mwisho unaitikia.

Niliitikia, lakini moyo ulikataa. Gia boksi iliyoungua hunuka, na oili ya hii ilikuwa nyekundu safi kama juisi ya rozela. Halafu mashine ya kupimia ya Hamisi ilikuwa inajichanganya. Leo inasema kosa ni sensa ya spidi, kesho inasema ni vali za kubadilisha gia, keshokutwa imesahau yote mawili. Ugonjwa gani huo unaohama kama mfugaji?

Kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa nikisoma kwenye simu, hadi mama mkwe, ambaye ninakaa naye, akaniuliza kama ninajiandaa kwa mtihani. Nilichoelewa ni hiki. Gia boksi ya automatiki ina nguvu, lakini haiamui lolote. Anayeamua ni kisanduku kidogo cha umeme, mafundi wanakiita kontroli boksi ya gia. Kinapokea habari kwa nyaya: gari linakwenda kasi gani, mguu umekanyaga mafuta kiasi gani, oili ina joto gani. Kisha kinatoa amri: weka ya pili, weka ya tatu. Habari zikiingia vibaya, kinaogopa kuvunja vitu, kinafunga gari kwenye gia moja na kuwasha taa. Ukiliona gari la namna hiyo utasema limekufa. Kumbe limeshikwa na hofu tu.

Juzi Hamisi akanipigia. "Dada, hata sijui nikwambie nini. Nimelisogeza leo uani, taa imezima, gia zinaingia zote."

Ndiyo maana leo nilienda na matumaini mfukoni. Nikafika, mzee keshafika na kamba yake ya kuvutia. Hamisi, kwa wema wake, alikuwa amelipiga gari maji ndani na nje tangu alfajiri ili mzee asishushe bei kwa sababu ya kinyesi cha kuku. Nikawasha. Taa ikaanza kuwakawaka. Gia ya tatu.

Mzee akacheka hadi akashika kiuno. "Mama, maiti haifufuki mara mbili!"

Ningelia, Shajara. Nilikuwa nimeshafungua mlango nishuke, nimpe funguo, yaishe. Maji yakadondoka kutoka chini ya mlango hadi kwenye kiatu changu.

Nikayatazama yale maji.

Sisi watu wa kuku tuna sheria: ukitoka mnadani, gari lioshwe ndani kwa maji mengi na sabuni, ugonjwa wa kideri usibaki ukawasubiri kuku wa safari ijayo. Mama mkwe ndiye msimamizi mkuu. Nikiingia tu uani, ndoo mbili ziko tayari, na tunamwaga kama tunaosha sakafu ya jikoni. Nikakumbuka wiki niliyolala na malaria, gari likakaa juani bila kuoshwa, na nilipopona likaenda kama jipya. Nikakumbuka kwamba ubovu ulirudi mara tu tulipoanza tena kuliosha, na jioni ya kuamkia siku ya Sekenke tulikuwa tumelimwagia ndoo zote mbili. Na hapa kwa Hamisi limekauka kwa upepo likapona, limeoshwa likaugua.

"Hamisi," nikasema, "fungua kapeti upande wa abiria."

Akaniangalia, akamwangalia mzee, akafungua. Chini ya kapeti palikuwa na dimbwi. Na pembeni ya dimbwi, kwenye ukuta wa mbele pale abiria anapoweka miguu, kilikuwapo kisanduku chetu. Alipochomoa plagi yake, pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

Sikuhubiri. Nilimwomba mzee akale nyama choma, arudi alasiri. Hamisi akachukua mswaki na dawa ya kupulizia ya kusafishia plagi, akasugua pini moja moja kwa subira ya mtu anayemnyoa mtoto. Kapeti tukalianika ukutani. Ule upepo niliokuwa nikiulaani asubuhi ukafanya kazi yake. Mimi nikaenda kununua kuku, kwa sababu kama ni kujaribu, tujaribu na mzigo.

Tuliporudisha kila kitu niliwasha gari nikiwa nimefumba macho. Nilipofumbua, taa haikuwepo.

Mzee aliporudi nikamwambia apande. Tukaondoka Shelui: mimi, yeye, na matenga yamejaa nyuma juu ya turubai nililoazima kwa Hamisi. Mlima ulipoanza, nilishika usukani kwa nguvu hadi vidole vikaniuma. Nikasikia gari likishusha gia lenyewe, taratibu, likavuta. Kona, likashusha tena. Lori moja likawa mbele yetu linapumua, nikalipita! Nilimpungia dereva mkono. Nilipiga kelele, Shajara, mtu mzima na heshima zangu, na kuku nao wakapiga.

Tulipofika Misigiri juu, mzee akakohoa. "Sasa mama, lile neno ulilonipa?"

"Mzee wangu, nilikupa neno la gari bovu. Hili ni zima."

Akafikiri kidogo, akacheka. "Basi nipe jogoo, nisiende nyumbani mikono mitupu." Nilimchagulia mkubwa kuliko wote. Nimemwacha barabarani akisubiri basi la kumrudisha Shelui, jogoo kwapani, kamba yake begani.

Nimejifunza nini? Kwamba usafi nao una kipimo chake, na kwamba neno "limekufa" watu hulitoa upesi mno. Kuanzia leo kuku wanakaa juu ya turubai, turubai ndilo linaloshuka kuoshwa, na sakafu inapanguswa kwa kitambaa chenye dawa, kilichokamuliwa vizuri.

Niliingia uani jua likielekea kuzama, nikipiga honi kama arusi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, uso umejaa furaha, na pembeni yake ndoo mbili za maji ya sabuni zikinisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuanze na wapi, mbele au nyuma?"

Nilimkumbatia. Kisha nikazibeba ndoo zote mbili, nikapita kando ya gari langu, nikaingia bafuni na kuoga.