Kilo Kumi na Tisa za Sukari

Mtoni, Alhamisi

Kaka Wakil,

Assalaam alaykum. Mama hajambo, na paa la jikoni limeshazibwa.

Mwatum, mwenzetu wa chumba cha dobi hotelini, bado kafungwa bendeji mkono ulioungua na mashine ya pasi. Meneja anasema alizembea mwenyewe, na Jumatatu saa nne anamwita kumwachisha kazi. Sote tunajua mashine ile ni mbovu tangu kabla ya Ramadhani.

Tulipokwenda kumtazama nyumbani kwake Bububu tulikuwa kumi na tisa, kila mtu na kilo yake ya sukari. Jana nimeitisha kikao cha chama chetu cha wafanyakazi, tupange nani ataingia naye kwa meneja. Wamekuja wawili. Ubwa, aliyelia mbele ya Mwatum, hakuja; kanambia, "Dada Faiza, mie nna watoto."

Nikamuuliza, "Na wa Mwatum ni paka?"

Lakini wote, waliokuja na wasiokuja, waliniuliza swali moja: katibu wetu yuko wapi? Nikawajibu una homa, umelala Mangapwani. Jirani yetu Bi Khairiya alikuona juzi hukohuko, unachagua pweza.

Meneja hamsikilizi mtu mmoja. Anasikiliza chama, barua ya chama inataka mhuri, na mhuri unao wewe. Ukisimama mlangoni Jumatatu, wenzio watakuja. Usipokuja, mpe Bi Khairiya mhuri aniletee, niingie na hao wawili.

Na Mwatum usimpelekee sukari. Anayo ya mwaka mzima.

Nduguyo,
Faiza