Beringi Zako Ni Nzima, Fundi Salehe

Fundi wangu Salehe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua bila salamu.

Ni mimi Masanja, wa gereji yako hapa Tinde. Nina habari njema, na sina subira. Lori la Bwana Ngassa linakwenda! Jana limetoka Kharumwa na marobota ya pamba, limepanda kile kilima chenye mawe, na mshale wa geji ya oili haukutikisika. Presha ya ratili arobaini, Fundi. Injini ikiwa moto.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana umezikwa hujui tulivyoteseka.

Ile injini ndiyo kazi yako ya mwisho. Uliifunga upya huku kifua kinakubana, na macho yamekwisha kuingia ukungu. Wiki mbili baada ya matanga, Ngassa akarudi analalamika. Lori likiwaka asubuhi geji inapanda, likishapata moto mshale unaanguka karibu na sifuri. Akamwita fundi mmoja kutoka Mwanza. Yule bwana akasikiliza injini, akafuta mikono, akasema, "Beringi za krenki zimelegea, presha ya oili inapotelea humo. Mzee alipima bila kuona."

Maneno hayo yalifika kinu cha pamba kabla ya jua kuzama. Yakafika msikitini. Mama Zainabu, mkeo, akaenda kisimani, wanawake wakanyamaza alipofika. Alirudi akaniuliza neno moja tu: "Masanja, ni kweli?"

Swali hilo liliniumiza. Niliogopa kuwa ni kweli.

Nikamwomba Ngassa siku tatu kabla hajaipeleka injini Mwanza kuchongwa krenki, ule mhimili wake mkuu. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mfiwa, akakubali.

Nikaanza kama ulivyonifundisha, na jambo rahisi. Kijiti cha kupimia oili: oili iko kwenye alama, safi, haina harufu ya petroli. Nikafungua geji, nikafunga geji ya lori jingine: mshale ukaanguka vilevile. Nikatoa valvu ya kupunguza presha, nikaisafisha, nikaitazama springi yake. Nzima. Nikarudisha. Hakuna kilichobadilika.

Zikabaki pampu na beringi. Siku ya pili nilikaa juu ya tairi muda mrefu na spana mkononi, sithubutu kufungua chini. Nilikuwa naona kama nafungua kaburi.

Halafu nikakumbuka mchana ule uliponieleza pampu ya oili. Ulikata bua la mpapai, ukalitumbukiza kwenye ndoo ukanywa maji, kisha ukalitoboa kwa msumari juu ya maji ukanipa mimi. Nilivuta hadi mashavu yakauma. Ukacheka ukasema, "Unakunywa upepo, Masanja! Pampu nayo hivyohivyo."

Nikaruka. Nikaongeza oili kupita alama, kiasi cha chupa mbili, jambo ambalo ungenikemea. Nikaliwasha lori, nikaliacha lipate moto. Mshale ukapanda, Fundi! Ukapanda ukakaa. Beringi iliyolegea haijali oili imejaa kiasi gani. Lakini tundu kwenye bomba la kuvutia likifunikwa na oili, haliwezi tena kuvuta hewa.

Nilimwita Ngassa. Nikamwita na yule fundi wa Mwanza, alikuwa bado mjini. Mbele yao nikamwaga oili, nikashusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Kwanza nikafungua beringi zako, moja baada ya nyingine, nikaweka kile kipande chembamba cha shaba ulichokuwa ukipimia. Kila moja ilikibana sawasawa. Zote. Nikampa yule bwana spana ajaribu mwenyewe. Alipima tatu, akainuka akasema taratibu, "Huyu mzee alikuwa na vidole."

Kisha nikaonyesha bomba la kuvutia oili. Pale linapoungana na pampu, gasketi ilikuwa imejikunja na bolti moja imeingia upande, ikiacha upenyo wa hewa.

Fundi, bolti ile niliifunga mimi. Unakumbuka? Kikohozi kilikushika, ukakaa kwenye sanduku, ukaniambia, "Malizia hilo bomba." Nikamalizia kwa haraka, nikiwa nakutazama wewe badala ya kutazama kazi.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini nilimfikiria Mama Zainabu pale kisimani, nikasema kwa sauti, watu wote wa gereji wasikie: "Kosa ni langu. Kazi ya Fundi Salehe haina kasoro."

Nikadhani Ngassa atanikaripia. Akanishika bega, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Masanja. Basi funga vizuri safari hii."

Nikakata gasketi mpya, nikafunga, nikapima oili kwenye alama yake halisi. Mengine nimekwisha kukueleza hapo juu. Ngassa mwenyewe alikwenda kinuni na msikitini kuwaambia. Mama Zainabu alilia, kisha akapika pilau, akanipakulia mara tatu.

Na leo amekuja dereva kutoka Geita. Injini ya pampu ya maji ya machimboni imekufa, wachimbaji wamekaa juu ya mashimo yaliyojaa maji. Hakuniita kwa jina. Alisimama mlangoni akauliza, "Yuko wapi mwanafunzi wa Fundi Salehe?"

Naondoka alfajiri. Ninakuahidi hivi: nikikosea, nitasema mwenyewe, nikipatia, nitawaambia nilifundishwa na nani.

Kwaheri, Fundi. Pumzika.

Ni mimi,
Masanja