Mshale Haukushuka

Jumatano, Juni 1997

Nimefunika taa na mshale wa mita ya kupimia umeme haukushuka. Mwaka mzima nimeamini mwanga ndio unaorusha elektroni kutoka kwa zile chembe ndogondogo za madini ya fedha nilizopaka kwenye kioo. Kumbe ni umeme tu unaovuja kwa waya.

Maabara ilikuwa tupu. Ningenyamaza, digrii ningepata. Nikaenda kumwambia mwalimu wangu.

Akavua miwani. "Basi anza upya, Akinyi."

Nyumbani, Mama alikuwa ameshawatangazia wenzake wa Soko la Toi kwamba nimemaliza.

"Imekubali?"

"Bado, Mama. Nilikosea."

Akanipakulia dagaa wa omena, akaniongezea ugali. Nilidhani nitalia. Sihisi chochote moyoni, ila nimeshiba.