Dereva wa Zamani, Jirani wa Kaka Elia

Dada Espe,

Wale farasi wa mbio ambao ulisema wamejaa huku sijawaona hata mmoja. Nilichokuta Louisville kwa kaka Elia ni joto, mboga za lengalenga anazopika wifi, na jirani yao mzungu, mzee wa fimbo, anayesema ujanani alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Eti alishindana hapa, akashindana Columbus, mpaka huko kwetu Buffalo. Sikumwamini. Jumapili alitupeleka kanisani kwa gari lake, na basi la mji likatupita.

Basi nikamhoji kama tulivyohojiwa kwenye kambi ya wakimbizi: leo unauliza, keshokutwa unauliza lile lile kwa kuzunguka. Jumatatu alisema rafiki yake aliungua ndani ya gari, katika mashindano ya Columbus. Jana akasema ni Buffalo. Nikajua nimemkamata.

"Mzee, ulisema Columbus."

Akapangusa viganja kwenye suruali.

"Nilikuwa nyuma yake," akasema. "Nilikuwa naangalia moto."

Dada, unamkumbuka yule bwana wa mahojiano, aliponiuliza Mama aliuawa kijiji gani nikataja viwili? Ulinifinya chini ya meza, lakini alikuwa ameshaandika kwamba nadanganya.

Leo nimempelekea mzee wali na lengalenga. Simhoji tena.

Nikumbatilie watoto. Wewe nitakukumbatia mwenyewe nikirudi, na sitakuuliza kile kijiji kilikuwa kipi.

Mdogo wako,
Joselina