Mama, Zulfa Ameuanika Ukoo wa Watu Ukutani

Mama,

Usiniombee subira; leo sina. Ngoja nikueleze alichofanya mdogo wangu Zulfa, mwanao uliyemdekeza.

Ijumaa alitualika kwake hapa Dubai, ndugu na majirani, tukaone mchoro wa ukoo wa mumewe. Mark, yule Mmarekani wake, amehangaika nao tangu ulipotutoka, akiyaandikia makanisa ya Ujerumani na ya Pensilvania kuomba majina ya wazee wake. Sasa umetanda ukuta mzima wa sebule. Zulfa, kwa nyodo zile unazozijua, akawa anapita na kahawa akituonyesha mababu wa watu kama kwamba yeye ndiye aliyewazaa.

Mark mwenyewe hana makuu. Alitusomea jina la juu kabisa: Mjerumani mfumaji, aliyevuka bahari kwenda Amerika bila nauli. Walipotia nanga, nahodha akamuuza kwa mkulima, akatumikia miaka mpaka nauli ikalipika. "Huyu ndiye ninayejivunia kuliko wote," alisema, machozi yakimlengalenga.

Upande wa Zulfa kwenye mchoro ulikuwa mtupu. Mark akaniuliza mama yetu alikuja Dubai kufanya nini.

Zulfa akaniwahi. "Alikuwa na duka la nguo."

Duka la nguo! Wewe uliyefua nguo za madam mpaka vidole vikachubuka! Uliyekuwa ukirudi na ndizi mbivu mfukoni, ukatuambia, "Kazi haina haya, wizi ndio wenye haya." Babu wa mumewe aliyeuzwa bandarini anamwonea fahari. Mama yake mzazi anamwonea haya.

"Alikuwa mtumishi wa ndani," nikasema. "Akifua, akipika."

Zulfa akacheka kicheko cha meno tu: "Khalas, yatosha, dada, hebu tule."

Mark hakula. Alichukua kalamu, akaniomba jina lako lote. Nikamtajia: Mwanakombo binti Makame, wa Makunduchi. Nikamwambia na kazi yako aiandike, akaiandika. Mwanao akajifungia chumbani, hakutoka hata kuwaaga wageni.

Jana kanipigia simu, eti nimemwaibisha. Nikamjibu aibu nimeikuta kwake, sikwenda nayo. Nikakata. Simchukii, mama. Namdharau tu, na sijui lipi baya zaidi.

Lala, mama yangu, Mungu akutilie nuru. Wanangu nitawafundisha kazi yako pamoja na jina lako, na atakayebeua mdomo ataondoka mezani pangu na njaa yake.

Mwanao,
Rukia